Ganda la Chaza Shingoni mwa Siwi

Ilikuwa mwaka wa 2011, majira ya kiangazi, mwezi wa Agosti, kahawa ilipokwisha kuchumwa na barabara ya kwenda mjini ilipokuwa vumbi badala ya tope. Mwezi huo serikali ya jimbo letu ilitoa kina elfu themanini, fedha ya nchi yetu, ili vita vya mlima Kanapil vipiganwe upya mbele ya watalii. Upande mmoja wa uwanja alisimama mwanangu Benedik, diwani, akiwaongoza watu wa ukoo wa Mengilka. Upande wa pili alisimama kaka yangu Yimbal, mzee wa ukoo wa Domkup. Mimi nilizaliwa Domkup nikaolewa Mengilka. Kwetu mwanamke wa namna hiyo huitwa njia, kwa sababu nguruwe na maneno hupita juu yake kutoka ukoo hadi ukoo.

Vita vyenyewe vilipiganwa mwaka wa 1952. Baba yetu, Kaipel, alishikwa katika kivuko cha mto Olge akiwa na mshale pajani. Mtu wa Mengilka aitwaye Tolpa, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa shemeji yangu, alimpasua kwa shoka la jiwe kutoka begani hadi mbavuni. Kisha alimkanyaga kifuani, akalitaja jina lake kwa sauti ili milima isikie, akakata kamba ya ganda la chaza lililokuwa shingoni mwake, akaondoka nalo. Yimbal, aliyekuwa bado mtoto, aliyaona hayo yote akiwa amejificha katika matete, maji yamemfika kidevuni. Aliniambia kwamba maji yale yalibadilika ladha mdomoni mwake, naye hakuthubutu kuyatema.

Kwa desturi yetu, aliyeua vitani hulipa nguruwe wa mifupa, na kile alichomvua marehemu hukirudisha kikiwa kimewekwa juu ya mgongo wa nguruwe wa kwanza. Mengilka walikubali kulipa. Nguruwe walikuwa wamekwisha kufungwa kwenye vigingi asubuhi ile alipofika afisa wa Kiaustralia, maana Waaustralia ndio waliotutawala wakati huo, pamoja na polisi wake. Alikataza mikutano yote ya koo. Polisi waliwapiga risasi nguruwe papo hapo walipofungwa, wakawala, na wanaume wa pande zote mbili wakapelekwa kifungoni kuchimba barabara. Walipotoka, Mengilka walisema, "Serikali imelimaliza jambo hilo." Domkup hawakujibu. Kwetu, kunyamaza si kukubali.

Mimi nilipelekwa shule ya misheni, nikaolewa kanisani na mdogo wake Tolpa. Yimbal aliwapokea nguruwe wa mahari yangu kwa adabu zote, akawagawia majirani, na yeye mwenyewe hakuonja hata ukucha. "Nguruwe wa mke si nguruwe wa mfupa," alisema. Hakurudia tena neno hilo, nasi tuliishi hivyo, tukitembeleana kwa misiba na ubatizo, hadi zilipokuja zile fedha za serikali za kuenzi urithi wa mila.

Aliyezileta ni Geua, binti wa pwani, mtumishi wa serikali mwenye adabu na viatu vyeupe. Aliitisha mkutano katika uwanja wa shule. Benedik alikaa kulia kwake, Yimbal kushoto, nasi wengine tuliketi majanini.

"Wazee wangu," Geua alisema, "kuna wilaya moja mwaka jana ilituonyesha vita vya kuigiza, watu wamevaa kaptula za mpira na saa mkononi. Wageni wakacheka. Fungu la fedha halikurudi tena kule. Mimi sitaki hayo yawapate nyinyi. Nataka ngao za kweli, mapambo ya kweli, na yale mnayofanya kabla ya vita, yote."

"Yote, binti?" Yimbal aliuliza.

"Yote, mzee wangu."

"Hata nguruwe wa chuki?"

Geua alimgeukia Benedik. "Ndiyo nini hiyo, mheshimiwa?"

"Ah, ni mambo ya zamani," Benedik alisema. "Siku moja kabla ya vita wanaume wanaingia nyumba yao, wanakula nguruwe mmoja, kila mtu anataja hasira aliyoificha. Ukienda vitani na hasira tumboni, mababu wanakuacha. Mkuki unakuona wewe tu."

"Basi hiyo ndiyo hasa tunayoitafuta. Hiyo iwepo."

"Atafutwe nguruwe mnene, jamani," mtu mmoja wa Mengilka alisema kutoka nyuma. "Mimi nikianza na hasira za mama mkwe wangu, nyama itapoa."

Watu walicheka sana. Yimbal alikuwa akitazama mikono yake.

Jioni nilimwambia Benedik, "Beno, hasira ikishatajwa juu ya nyama hairudi tena tumboni. Lazima iende mahali."

"Mama, huo ni mchezo."

"Mjomba wako hajui kucheza."

"Mjomba atapata posho ya siku mbili kama watu wote. Nimekaa serikalini mimi, mama. Mtu mwenye posho hapigani kweli." Alinishika bega. "Ikienda vizuri, hela hii inakuja kila mwaka. Tutajenga zahanati. Si ulikuwa unalia kuhusu zahanati?"

Ni kweli kwamba nilikuwa nikiilia zahanati. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimekwisha kusokota mifuko ya nyuzi ya kuwauzia wageni, nami sikutaka ioze darini. Nikaendelea kusokota.

Siku ya kula nguruwe ilifika. Katika nyumba ya wanaume wa Mengilka vijana walikula, wakapigana picha kwa simu, wakazungumza habari za mpira. Hakuna aliyetaja lolote. Katika nyumba ya Domkup mambo yalikwenda kwa namna nyingine, na aliyenisimulia ni Gande, mtoto wa kwanza wa Yimbal, ambaye hunipenda kama mama yake.

"Shangazi, tulianza kwa utani tu," Gande alisema. "Mmoja akasema nilimwibia nguzo za ua. Mwingine akasema mkewe anamnyima chumvi. Tukacheka. Halafu baba akachukua kipande cha ini, akakiinua, akasema, 'Nalitaka ganda la baba yangu. Aliye nalo, kama yu hai, ajue kwamba naja.' Akala. Hakuna aliyecheka tena. Tukala sote."

"Na wewe ulikula?"

"Ningekataaje, shangazi? Mimi ndiye ninayemwigiza babu."

Ndivyo kamati ya sherehe ilivyopanga: Gande amwigize Kaipel, babu yake, na Siwi amwigize Tolpa, babu yake yeye. Siwi alikuwa fundi wa pikipiki, kijana wa maneno mengi, asiyekuwa na ubaya. Alipoagizwa kuleta mapambo ya kweli, alipanda dari ya nyumba ya marehemu Tolpa, akashusha gunia, na ndani yake akakuta ganda la chaza lililokuwa jeusi kwa moshi. Alilisugua kwa dawa ya meno mpaka likang'aa kama mwezi. Alijua kwamba lilikuwa la babu yake. Hakuna aliyewahi kumwambia babu yake alilitoa wapi.

Jumamosi wageni walifika kwa magari matatu, wakaketi katika jukwaa la mbao mpya lililojengwa kwa fedha ya serikali. Wanawake tulikuwa pembeni, penye mashimo ya mawe ya moto, tukifukia viazi vitamu na nyama katika majani ya migomba. Karibu nasi palikuwa na rundo la kuni, na juu ya rundo hilo shoka la chuma la kupasulia.

Wanaume walitokea kwenye matuta mawili, wamejipaka masizi na mafuta ya nguruwe, manyoya ya ndege wa peponi yakiyumba vichwani. Mikuki yao ilikuwa imekatwa ncha. Mashoka yalikuwa ya mbao iliyopakwa rangi ya jiwe. Ngao tu ndizo zilizokuwa za kweli.

"Nyie Mengilka," Domkup waliita, "mbona mmejipaka mafuta hivyo? Mmekuja kupigana au kukaangwa?"

"Tumekuja kutafuta wanaume, lakini huko naona wake zenu tu."

"Wake zetu? Wana mume mmoja mmoja, si kama mama zenu."

"Shangazi yenu tulishamchukua zamani. Tunawataka na nyinyi mje kumsaidia kumenya viazi."

Walinigeukia wote, pande zote mbili, wakicheka, nami nilicheka pamoja nao na kuwatishia kwa kijiti cha kuchokorea moto. Mpaka hapo ulikuwa mchezo, na ulikuwa mchezo mzuri.

Walikimbiliana, wakapishana, wakagonganisha ngao kwa kishindo ambacho sikuwa nimekisikia tangu utoto. Gande alichechemea hadi penye mstari wa chokaa uliowekwa kuwa ndio mto. Siwi alimfikia, akamshushia shoka la mbao begani, na Gande akaanguka chali, akafumba macho kama alivyofundishwa. Wageni walipiga makofi. Siwi aliweka mguu juu ya kifua chake.

"Kaipel," aliita. "Kaipel, amka, mkeo anakutafuta, viazi vinapoa."

Maneno hayo ya viazi hayakuwamo katika mpango. Aliyaongeza kwa sababu watu walikuwa wakicheka. Alipoinama ili aseme zaidi, ganda lilichomoka chini ya manyoya ya kifuani, likaning'inia juani.

Penye ukingo wake palikuwa na ufa uliozibwa kwa ulimbo mweusi. Mtoto mdogo akilazwa kifuani mwa baba yake hana la kufanya ila kukikwaruza kilicho karibu, na kidole changu kilikuwa kimeukwaruza ulimbo ule kabla sijajua kusema vizuri. Nililitambua ganda hilo kabla sijajua kwamba nimelitambua. Nilimtafuta Yimbal kwa macho. Hakuwapo tena penye mstari wa wazee. Alikuwa amesimama kando yangu, penye kuni, na shoka la chuma lilikuwa mkononi mwake.

"Kaka," nilisema.

Hakunitazama. Alitembea. Hakukimbia wala hakupiga kelele, na waigizaji walimpisha wakidhani kwamba kamati imembadilishia zamu. Siwi alimwona akiwa amekwisha kumfikia. Aliinua ngao. Shoka liliipasua ngao katikati kama kibuyu, likapita, likamkata usoni kutoka kwenye nyusi hadi shavuni. Jicho lake la kushoto liliharibika papo hapo. Siwi alipiga magoti, akaishika nyama ya uso wake kwa viganja viwili, akisema, "Nimefanya nini, babu? Nimefanya nini?"

Wageni walipiga makofi kwa nguvu zaidi. Mmoja wao alisimama juu ya benchi ili apige picha vizuri.

Gande alikuwa bado amelala, macho yamefumbwa, maana alikuwa ameagizwa asiinuke hata kidogo mpaka ngoma ya ushindi iishe. Kwa hiyo hakumwona kijana mmoja, ndugu wa Siwi, aking'oa nguzo ya jukwaa. Nguzo ilishuka juu ya kichwa cha Gande. Nilisikia sauti ya mfupa, na sauti hiyo haifanani na nyingine yoyote. Mwili wake uliruka mara moja, kisha ukatulia kwa namna ambayo hakuna mwigizaji awezaye kuiiga.

Baada ya hapo hapakuwa na mchezo. Fimbo za mikuki zilivunjwa juu ya magoti ili zipate ncha. Mapanga yalitoka jikoni kwetu. Mwanamke aliyekuwa akikata majani ya migomba alinyang'anywa lake na shemeji yake mwenyewe. Mawe ya moto yalichukuliwa kwa koleo za mbao na kurushwa, nayo yalipompata mtu ngozi ilibaki kwenye jiwe. Niliona mtu akimng'ata mwenzake sikio akaling'oa. Niliona wawili waliosoma darasa moja wakishikana makoo, mmoja akimsukuma mwingine hadi ndani ya shimo la kupikia, na yule wa chini akipiga yowe huku mvuke ukimzunguka.

Benedik alikimbia katikati akiwa amevaa shati lake jeupe la diwani. "Mjomba, basi," alisema. "Mjomba, ni mimi." Yimbal alikuwa ameliinua shoka tena juu ya Siwi aliyepiga magoti. Benedik alinyoosha mkono wa kushoto ili alishike. Shoka lilikuwa limekwisha kuanza kushuka. Vidole vitatu vya mwanangu vilianguka katika chokaa.

Walitazamana. Kwetu mjomba ndiye chimbuko la mwili wa mpwa wake: mifupa ya mtoto hutoka kwa baba, lakini damu hutoka upande wa mama, na mjomba anayeimwaga damu hiyo hujiletea laana. Yimbal aliiangalia damu yake mwenyewe ikitoka katika mkono wa mwingine. Aliliangusha shoka. Watu wake walimvuta wakamwondoa, naye alikwenda nao akirudi nyuma, uso umetuelekea.

Geua alikuwa akipiga makofi pamoja na wageni mpaka jiwe lilipovunja ubao kando ya mguu wake. Ndipo alipoanza kupiga yowe, na jukwaa zima likakimbilia magari.

Mimi nilimfikia Gande, nikamvuta kwa miguu hadi chini ya jukwaa, nikaubana mfuko niliousokotea wageni juu ya kichwa chake. Ulikuwa mwekundu kabla sijaukunja vizuri. Kijana mmoja wa Mengilka alinisimamia, rungu mkononi.

"Bibi, toka hapo. Huyo ni wao."

"Na mimi ni wa nani?"

Alifikiri. Alitema mate, akaenda kumtafuta mwingine.

Alasiri ile Mengilka walivuka Olge, wakachoma nyumba za Domkup, wakakata mibuni yao kwa mapanga, mche baada ya mche, na wakawapasua matumbo nguruwe waliokuwa zizini, wakawaacha wakikokota utumbo. Moshi ulionekana hadi mjini. Kesho yake Domkup walipanda tuta la Kanapil wakiwa na pinde za kweli na bunduki moja ya kienyeji, iliyotengenezwa kwa bomba la maji. Polisi walikuja kwa magari mawili, wakakaa shuleni, wakasema hawana petroli ya kupanda mlimani.

Gande alilazwa hospitali bila fahamu. Kila mtu alijua hesabu ilivyosimama. Gande akifa, hapatakuwa na nguruwe wa kutosha katika bonde zima, na mtu wa kwanza kutafutwa atakuwa mkubwa wa Mengilka, yaani mwanangu.

Benedik alikaa mlangoni kwangu, mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. "Nimeongea na Geua kwa simu," alisema. "Hela ya sherehe imebaki. Amesema tuitumie kununua amani, yeye atajibu huko juu."

"Amani inauzwa duka gani?"

"Mama, usinitanie. Ninanunua nguruwe."

Alinunua nguruwe weupe wa shamba la mjini, wakubwa, safi, wenye alama za plastiki masikioni. Waliletwa kwa lori hadi chini ya Kanapil. Yimbal alishuka peke yake, akawazunguka akiwatazama, akamgonga mmoja ubavuni.

"Hawa kawalea nani?"

"Wamenunuliwa, mjomba," Benedik alisema. "Ni hela ya serikali."

"Wa serikali." Yimbal alitikisa kichwa. "Wale wa kwanza, serikali iliwala. Hawa nao wapelekeni wakawale. Mimi baba yangu hakuuawa na serikali." Akageuka kupanda mlima. Alipofika mbali kidogo alisimama. "Mkono unakuuma, mpwa wangu?"

"Unauma, mjomba."

"Hata mimi unaniuma," Yimbal alisema, akaendelea kupanda.

Usiku huo sikulala, na asubuhi nilikuwa nimekwisha kuamua kabla Benedik hajafungua kinywa. Zizini mwangu walikuwamo nguruwe watano. Niliwalea kwa viazi nilivyolima mwenyewe, na yule jike mkubwa mwenye baka jeupe nilimlisha kwa mkono alipokuwa mdogo na mama yake amekufa.

"Wachukue," nilimwambia. "Lakini si wewe utakayeishika kamba ya mbele."

Tulimkuta Siwi kwa mama yake, nusu ya uso imefungwa. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha alicheka kicheko kibaya.

"Yaani jicho limetoka langu, na mlipaji ni mimi? Baba mdogo, hizo ni akili kweli?"

"Jicho lako litazungumzwa," Benedik alisema. "Vidole vyangu pia. Hili limetutangulia sote, mwanangu. Tulikuwa hata hatujazaliwa."

"Kwani nilimuua mimi?"

"Ulimkanyaga," nilisema.

"Bibi, niliambiwa nikanyage. Iko kwenye mpango wao." Sauti yake ilipasuka. "Na hilo ganda, mbona hukusema? Umeishi humu miaka yote."

"Nilimwambia babu yako kila Krismasi mpaka akafa. Kila Krismasi alinijibu kwamba serikali imelimaliza. Wewe sikukwambia kwa sababu nilidhani alilizika." Nilikaa karibu naye. "Siwi, mimi nililala juu ya ganda hilo. Lilikuwa kifuani mwa baba yangu nami nikalala juu yake."

 Aliingiza mkono chini ya mto wake, akalitoa. Bado lilikuwa na damu katika ufa, na damu hiyo ilikuwa yake.

"Nilioshe?"

"Liache hivyo," nilisema.

Tulipanda Kanapil mchana kweupe, Siwi mbele na kamba ya jike mwenye baka, ganda limefungwa juu ya mgongo wa nguruwe huyo kwa ukambaa, Benedik nyuma yao, nami mwisho na wale wanne. Hatukuchukua silaha. Tulipofika katikati ya mteremko mshale ulitoka juu, ukamwingia nguruwe wa tatu begani. Alipiga kelele za kupasua masikio, akanivuta hadi nikaanguka magotini. Mshale wa pili ulipita kati ya miguu ya Benedik. Siwi alisimama. 

"Usigeuke," Benedik alimwambia kwa sauti ya chini. "Ukigeuka wanajua tumekuja kuchungulia. Tembea."

Siwi alitembea. Upande wake wa kushoto hakuona kitu, akawa anajikwaa kwenye mawe, na kila alipojikwaa vijana wa juu walizomea. "Fundi, pikipiki iko wapi? Fundi, taa moja imezimika."  Bunduki ya bomba ilikuwa juu ya jiwe, imeelekezwa kwake, na aliyeishika alikuwa mdogo wa Gande. Tulipofika hatua chache mbele ya bomba hilo Yimbal alitokea nyuma ya jiwe, akakiweka kiganja chake juu ya tundu.

Siwi alijaribu kusema maneno ya desturi, akayasahau, akaanza upya. "Mzee Kaipel," alisema hatimaye, akiuambia mlima, "babu yangu alikuua. Mifupa yako hii hapa. Chako ulichovuliwa hiki hapa."

Yimbal aliinama juu ya nguruwe. Hakuligusa ganda kwanza. Aliuweka ukucha wake penye ulimbo, akaukwaruza, kama nilivyokuwa nikiukwaruza mimi. Mabega yake yalishuka.

"Huyu kamlea nani?"

"Dada yako," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Asubuhi wametuma mtu kutoka hospitali," alisema, hakumwambia yeyote hasa. "Gande amefumbua macho. Kauliza kama ngoma imeisha, ainuke."

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka yeye mwenyewe alipocheka, na kicheko chake kilikuwa kifupi, kama kikohozi. Kisha alilifungua ganda, akalivaa likiwa bado na damu ya Siwi, akamgeukia kijana huyo. Alimtazama usoni penye bandeji.

"Jicho lako," alisema, "tutakaa chini kahawa ikizaa tena. Na malipo ya nyumba zangu mtayaleta siku hiyo hiyo. Lakini tutakaa. Umesikia, mjukuu wangu?"

"Nimesikia, babu."

Siwi alimkabidhi kamba. Yimbal aliipokea kwa mikono miwili, na vijana wake wakashuka kuwapokea wale wanne. Yule aliyechomwa waliung'oa mshale wake, wakampaka udongo. Sisi tukasimama tukingoja ruhusa ya kuondoka.

Yimbal hakutoa ruhusa. Alikuwa amesimama na yule jike mwenye baka, akiitazama bandeji ya Benedik, na damu iliyokuwa imeanza kuvuja tena kwa sababu ya kupanda mlima. Alitembea hadi mbele yake. Alimshika mkono ulio mzima, akaufungua, akaiweka kamba ndani yake, akavikunja vidole vyote vitano juu ya kamba, kimoja kimoja.

"Huyu ni wa vile vitatu," alisema.